Povu la Dumu na Povu la Pipa

Kila msimu wa mvua madumu ya ulanzi husafirishwa kutoka vijiji vya Njombe hadi Makambako, mji ulioko mahali ambapo barabara ya Songea inaungana na barabara kuu iendayo Mbeya na Dar es Salaam. Kutoka Njombe mjini mwendo huo ni wa kilometa zipatazo 60 tu. Hata hivyo, dumu lililofungwa alfajiri likiwa limetulia huweza kufika sokoni limevimba pande zote. Mchuuzi alegezapo kifuniko, povu huruka juu na sehemu kubwa ya kinywaji humwagika. Safari ya pili mchuuzi huyo hukaza kifuniko kwa nguvu zaidi, na dumu hupasuka njiani.

Mwenye pipa la bia lenye mtungi wa gesi na bomba naye ana kilio chake: bilauri inajaa povu, bia haionekani. Yeye hupunguza nguvu ya gesi, na kwa mshangao wake povu huzidi. Watu hawa wawili wamekosea kwa namna moja. Wote wanapambana na povu lenyewe, ilhali povu ni dalili tu, na chanzo chake kiko kwingine.

Gesi inatoka wapi?

Ulanzi ni utomvu wa mianzi ya jenasi ya Oxytenanthera. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa na kutega mbeta, yaani chombo cha mwanzi, ili kukinga utomvu unaodondoka. Utomvu huo una sukari, nao haupikwi. Hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, huingia kutoka hewani, kwa wadudu na katika masalio ya mbeta iliyotumika jana. Uchachukaji huanza mara moja, na kwa muda wa saa 5 hadi 12 kinywaji huwa kimeiva.

Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kati ya 1857 na 1860 kwamba uchachukaji wa namna hii ni kazi ya viumbe hai. Hamira hugawa sukari kuwa alkoholi na gesi ya kabonidioksaidi. Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya uzito wa sukari inayotumika hugeuka kuwa gesi, nayo ni lazima ipate mahali pa kwenda.

Kwa nini gesi hutulia, kisha ikatoka?

Mwaka 1803 William Henry wa Manchester, Uingereza, alieleza kanuni ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: halijoto isipobadilika, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu ya kimiminika. Kanieneo ikizidi, gesi nyingi huyeyuka. Kanieneo ikipungua ghafla, kama kifuniko kinapofunguliwa, gesi iliyozidi hutoka kwa viputo.

Jambo la pili ni joto. Chini ya kanieneo ya angahewa ya pwani, lita moja ya maji hushika gramu 3.3 hivi za kabonidioksaidi kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 20 hushika gramu 1.7 tu. Jambo la tatu ni mtikiso. Dumu likirushwarushwa garini, viputo vidogo vya hewa huenea ndani ya kinywaji, na kila kimoja huwa mlango wa gesi kutokea.

Wapo wasemao kwamba dumu huvimba kwa sababu ya kushuka mlima. Hoja hiyo haisimami. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako mita zipatazo 1,700. Mtu ashukapo, kanieneo ya hewa ya nje huongezeka kidogo, na kama ina athari yoyote ni ya kulibana dumu. Kinachovimbisha ni hamira inayoendelea na kazi yake ndani ya chombo kilichozibwa, tena katika joto la mchana.

Nguvu hiyo inaweza kukadiriwa. Ikiwa njiani kila lita inapoteza gramu 5 za sukari, yaani kijiko kidogo kimoja, gesi inayopatikana ni gramu 2.4 hivi kwa lita. Kwa kuwa lita moja kwenye nyuzi 20 hushika gramu 1.7 kwa kila kanieneo moja ya angahewa, kanieneo ndani ya dumu lililojaa itapanda kwa zaidi ya angahewa moja. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo moja na zaidi juu ya kila sentimeta mraba. Ubavu wa dumu wenye upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 30 utasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 600. Dumu la plastiki halikuundwa kwa mzigo huo, na abiria aliyekaa karibu nalo yumo hatarini.

Dawa yake ni nyepesi. Chombo kisijazwe mpaka mdomoni, kifunikwe kwa gunia bichi lililoloweshwa, na kifuniko kiruhusu gesi kutoka. Mrija mwembamba ukitoka kwenye kifuniko na ncha yake ikizamishwa katika kikombe cha maji, gesi hutoka na hewa ya nje haiingii. Hewa hiyo ndiyo huwasaidia bakteria kugeuza alkoholi kuwa siki.

Pipa na bomba

Katika pipa la bia uchachukaji umekwisha, na gesi huletwa na mtungi. Anayetafuta kosa afuate utaratibu. Kwanza apime joto la bia yenyewe katika bilauri. Linalotakiwa ni nyuzi 3 hadi 4. Ikiwa bilauri ya kwanza tu ndiyo yenye povu, bomba lina joto kuliko pipa. Ikiwa zote zina povu, huenda pipa lina joto, mpira una uchafu, au kanieneo haifai.

Hapa ndipo mwinuko wa Njombe unapohusika kweli. Saa ya mtungi huonyesha tofauti tu kati ya kanieneo ya ndani na ya nje. Kwa kuwa hewa ya Njombe ina upungufu wa kilopaskali 20 hivi ukilinganisha na pwani, saa iliyowekwa kwa kipimo cha Dar es Salaam huiachia bia gesi pungufu. Gesi hutengana na bia ndani ya mpira, na povu hutangulia bombani. Kupunguza kanieneo ni kuongeza tatizo. Inafaa kuongeza kilopaskali 20, kisha kurefusha mpira ili msuguano upunguze kasi ya bia. Bia ikitoka polepole bila povu, mtungi umekwisha au mpira umejikunja.

Tahadhari moja haisahauliki. Kabonidioksaidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, haina rangi wala harufu kali, nayo hukaa chini. Mtungi unaovuja katika chumba kidogo kilichofungwa unaweza kuua. Usimamishwe wima, ufungwe imara, na chumba kiwe na madirisha.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweke maji ya uvuguvugu, sukari na hamira ya mikate katika chupa mbili zinazolingana. Kila chupa iwe na mrija unaoishia katika bilauri ya maji, na isizibwe kamwe bila mrija. Moja ikae kivulini, nyingine juani. Wahesabu viputo kwa dakika, kila baada ya dakika 10, na kuchora grafu. Mistari miwili ya grafu hiyo itawaonyesha kwa nini dumu lililofungwa alfajiri ya baridi halifiki Makambako mchana kama lilivyoondoka.