Kifafa Hakiambukizi: Kinachotokea Ndani ya Ubongo Mtu Anapoanguka

Mtu akianguka kifafa pale stendi ya daladala, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linarudi nyuma, wengine wakiziba pua kwa kuogopa mapovu. Kundi la pili linatafuta kijiko au ufunguo wa kumtanulia meno. La kwanza linaogopa kitu ambacho hakipo, na la pili linaweza kumvunja mtu meno. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, ni kwamba hawajaelezwa tu kinachoendelea ndani ya kichwa cha yule aliye chini. Basi leo tuelezane.

Uwanja uliojaa mashabiki

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi huongea kwa umeme na kemikali. Seli ikipata ishara za kutosha, inarusha msukumo mdogo wa umeme, na msukumo ukifika mwisho wa uzi wake, kemikali inamwagika na kuigusa seli ya jirani. Kemikali nyingine zinasema "amka", kama glutameti. Nyingine zinasema "tulia", na kubwa kati ya hizo inaitwa GABA. Ubongo wenye afya unaweka mizani kati ya pande hizi mbili saa zote, hata ukiwa umelala.

Sasa fikiria uwanja siku ya Simba na Yanga, kabla mpira haujaanza. Huyu ananunua karanga, yule anabishana kuhusu kipa, mwingine anaongea na simu. Kelele ipo, lakini kila mtu ana shughuli yake. Halafu kona moja inaanza kuimba, majirani wanaitikia, na ghafla uwanja mzima unaimba wimbo mmoja kwa mpigo mmoja. Hapo hata karanga huwezi kununua, maana hamsikilizani.

Hivyo ndivyo shambulio la kifafa lilivyo: seli nyingi zinarusha umeme kwa pamoja, na kazi za kawaida zinasimama. Wimbo ukibaki kona moja, mtu anaweza kutikisika mkono mmoja tu, au kusikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au kuingiwa na hofu isiyo na sababu. Ukienea ubongo mzima, anapoteza fahamu, anakakamaa na kuanguka. Kuna pia watoto ambao hawaanguki kabisa: wanaduwaa kwa sekunde chache, kisha wanaendelea kama kawaida. Mwalimu anadhani mtoto hasikilizi, anamchapa, kumbe ubongo ulikatika kidogo kama redio.

Umeme huu unapimika. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kichwani, na akachapisha matokeo mwaka 1929. Kipimo cha EEG kinachotumika hospitali leo kinatokana na kazi hiyo.

Na yale mapovu je? Ni mate ya kawaida. Mtu aliye kwenye shambulio hamezi, pumzi inapita kwa shida, mate yanachanganyika na hewa. Yakiwa na damu, basi kang'ata ulimi au shavu. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa hewa inayotoka tumboni. Umeme wa ubongo wa mtu haurukii kwa mwingine.

Degedege ni kitu kingine

Watu wengi huchanganya degedege na kifafa. Degedege huwapata watoto wadogo, hasa kati ya miezi 6 na miaka 5, homa inapopanda. Homa ikiisha, nalo linaisha, na watoto wengi hawapati kifafa baadaye. Kifafa ni pale mashambulio yanapojirudia bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo.

Jina lenyewe linabeba imani: pwani wengi walisema ni dege, yaani ndege au shetani, aliyepita juu ya mtoto. Kule Kilifi wanasema nyuni, nalo ni neno la ndege. Shida si hadithi, shida ni kinachofuata. Palipo na imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, mzazi huanza kwa mganga, na saa zinapotea. Kumbe homa ile inaweza kuwa malaria iliyofika kwenye ubongo, ambayo inaua haraka, na mtoto akipona inaweza kumwachia kovu litakaloleta kifafa baadaye. Mtoto akipata degedege, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kinatoka wapi?

Kifafa kina sababu nyingi. Nyingine ni za kurithi, na mara nyingi sababu haijulikani. Lakini kwetu zipo kadhaa zinazozuilika.

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuumia ubongo, kwa hiyo mama kujifungulia mahali penye mkunga mwenye ujuzi ni kinga ya kifafa. Ajali za bodaboda ni sababu nyingine, na hapo kofia ngumu inasaidia.

Halafu kuna tegu wa nguruwe, na hapa wengi wanakosea. Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, unapata tegu tumboni. Lakini anayepata viluwiluwi kwenye ubongo ni yule aliyemeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yaani hata asiyegusa kitimoto maisha yake yote anaweza kupata, kupitia maji, mboga au mikono michafu. Choo na sabuni vinahusika na ubongo moja kwa moja.

Ya mwisho inatupeleka Mahenge, mkoani Morogoro. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko baada ya kukuta wagonjwa wengi waliofichwa na kutengwa. Alieleza pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kifafa ni kingi zaidi vijiji vyenye ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Namna hasa usubi unavyoleta kifafa bado inachunguzwa, lakini kumeza ivermektini inapogawiwa kijijini ni jambo la busara.

Dawa zipo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 hivi wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mashambulio wakipata matibabu sahihi. Fenobabito, inayotumika tangu 1912, ni ya bei nafuu, na inafanya kazi kwa kuiongezea nguvu ile GABA inayosema "tulia".

Lakini dawa inamezwa kila siku, hata kama hujaanguka kwa miezi. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta mashambulio mfululizo yanayoua. Mwanamke anayetaka kupata mimba aongee na daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akianguka mbele yako

1. Angalia saa.
2. Ondoa moto, mawe na vitu vyenye ncha karibu naye.
3. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni.
4. Usimkandamize. Usimtie chochote mdomoni, iwe kijiko, maji au dawa. Ulimi haumezeki.
5. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke, na ukae naye mpaka fahamu zirudi.
6. Ikipita dakika 5, au likija shambulio la pili kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ameumia, apelekwe hospitali.

Kitunguu, kiberiti na kiatu puani havisaidii. Shambulio nyingi huisha zenyewe ndani ya dakika chache.

Jeraha lisiloonekana

Watu wenye kifafa hupata sonona na wasiwasi zaidi ya wengine. Sehemu inatokana na ubongo wenyewe, lakini sehemu inatoka kwetu: kuachishwa shule, kutengewa sahani, kukosa mchumba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikitaja kifafa pamoja na wazimu kati ya sababu zinazoweza kubatilisha ndoa. Na wapo wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu waliangukia jikoni, na waliokuwepo wakaogopa kuwagusa.

Kwa hiyo ukibeba jambo moja tu hapa, libebe hili: kumgusa mtu aliyeanguka kifafa hakukudhuru. Mvute kutoka kwenye moto.