Baiskeli na Utulivu wa Ubongo

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho wengi wetu tunakijua kwa kazi tu, nacho ni baiskeli. Huko Kunduchi, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, mchuuzi wa samaki hufunga tenga lake nyuma ya kiti, akasukuma pedali juani kutoka pwani hadi barabara ya Bagamoyo. Jasho lamtoka, na hofu ya samaki kuharibika imo moyoni mwake. Je, baiskeli iyo hiyo yaweza kuupumzisha ubongo? Yaweza, ila kwa sharti moja: iendeshwe pole pole.

Kwanza yatupasa kuujua ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kadiri ya kilo 1.4, yaani kama sehemu 2 katika 100 za mwili wote. Lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zake. Nguvu hizo huletwa na damu. Tena ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger wa mji wa Jena, alifaulu kuuandika umeme huo, akatangaza habari zake mwaka 1929. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho, hutokea mawimbi ya mapigo kama 10 kwa sekunde. Mawimbi hayo huitwa alfa.

Wataalamu waliomfuata wamewapima watu juu ya baiskeli isiyotoka mahali pake, kwa sababu mwendeshaji hatikisi kichwa kama akimbiaye. Mara nyingi wameona alfa ikiongezeka baada ya mazoezi. Lakini tusidhani kwamba alfa ndiyo furaha yenyewe, maana mawimbi mengine huongezeka pia.

Sasa, kwa nini twasema pole pole? Miguu ikizunguka kwa upole, moyo huongeza mapigo, na damu iendayo kwenye ubongo huzidi kidogo. Lakini mtu akijikaza mno huanza kuhema. Kwa kuhema hutoa hewa chafu kupita kiasi, na mishipa ya damu ya ubongo hujibana, hata ile ziada ya damu hupungua. Na moyo wa mtu hufuata njia hiyo hiyo: katika mwendo wa kiasi watu wengi hujisikia vema, bali wakipita kiasi husikia taabu. Hakika mwenda pole hajikwai.

Kipimo cha kiasi ni rahisi, wala hakihitaji chombo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo wako wafaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Shirika la Afya Duniani, katika shauri lake la mwaka 2020, liliwaambia watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi dakika 150 hadi 300 kwa juma. Nusu saa kwa siku tano yatimiza dakika 150.

Basi mchuuzi na atue tenga lake, na jioni jua likipunga apande baiskeli tupu, apite vichochoro vya kijiji kuelekea magofu ya kale, mbali na magari ya barabara kuu. Mwanafunzi aliyechoshwa na vitabu na afanye vivyo hivyo, naye binti asinyimwe baiskeli, kwani ubongo wake nao wahitaji damu.

Lakini neno moja la tahadhari. Mtu ambaye huzuni imemkalia majuma mengi, hali wala halali, asiambiwe apande baiskeli tu akaachwa. Huyo na apelekwe kwa mganga wa hospitali, na jamaa zake wafuatane naye.

Kwaherini.