Je, Wajua? Kutoka Korogwe na Handeni hadi Visiwa vya Ng'ambo

Je, wajua kwamba barabara ya Korogwe–Handeni na ile ya Tanga–Horohoro zina urefu mmoja? Kila moja ni kilomita 65. Ukishafika Tanga mjini, Kenya imebaki mbali kama Handeni ilivyo mbali na stendi ya Korogwe. Likizo ya nje ya nchi, yenye jua, visiwa na miji ya kale, haihitaji ndege.

Je, wajua kwamba Mtanzania haombi viza kuingia Kenya? Lakini lazima awe na hati halali ya kusafiria. Ishughulikie Uhamiaji kwanza, tiketi ifuate.

Je, wajua kwamba hadi 1966 shilingi ya Korogwe ilikuwa shilingi ya Mombasa? Mwaka huo ndipo kila nchi ilipoanza kutoa sarafu yake. Siku hizi badilisha pesa kwenye duka lenye leseni, usimpe kijana anayekukimbilia mpakani na bunda mkononi.

Je, wajua kwamba kisiwa cha kwanza kiko karibu mno na mpaka? Ukivuka Horohoro unaingia Lunga Lunga, kisha mbele kidogo kuna njia panda ya kulia inayoshuka hadi Shimoni. Hapo unapanda boti kwenda Wasini, kisiwa kisicho na magari, ambako wenyeji husema lahaja ya Kivumba. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, miamba mirefu ya kijivu iliyochongwa na maji, imesimama juu ya tope na majani mafupi ya chumvi. Unaipita juu ya daraja la mbao linalotunzwa na kikundi cha akina mama wa kisiwani. Lipa kiingilio chao kwa moyo mmoja, usibishanie bei. Wao ndio wanaoilinda sehemu hiyo.

Je, wajua kwamba kalenda ya msikitini inaweza kukupangia likizo vizuri kuliko ya ofisini? Hapa ndipo sisi watu wa bara tunapopoteza siku nzuri. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari huingia bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kati ya vipindi hivyo ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa kishindo. Kwa hiyo anayetaka kutembea kwenye miamba iliyoachwa wazi afike karibu na tarehe mosi au 15 ya mwezi wa Kiislamu, au siku moja mbili baadaye. Anayetaka watoto waogelee bila kuyafuata maji mbali achague tarehe zilizo kati ya hizo. Nahodha yeyote atakueleza saa za kujaa na kupwa, bure, ukimuuliza kwa adabu.

Upepo nao una zamu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, masika hufuata, kisha kusi, ambayo Juni hadi Agosti huichafua bahari ya nje. Ukisafiri kipindi hicho jiwekee siku ya akiba.

Je, wajua kwamba Ngome ya Yesu ya Mombasa iliwahi kuzingirwa karibu miaka 3? Wareno walianza kuijenga 1593. Waomani waliizingira 1696 na kuitwaa mwishoni mwa 1698. Meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuokoa waliozingirwa, ilizama 1697 mbele ya ngome hiyo. Vitu vilivyopatikana humo vimo katika makumbusho ya ngome. Tenga nusu siku nzima, na kabla yake upate mahamri na mbaazi za nazi Mji wa Kale.

Gedi, mji wa mawe ulioachwa msituni karibu na Watamu, uliingia orodha ya Urithi wa Dunia 2024. Lamu ilitangulia, 2001. Basi la Lamu huishia Mokowe, safari inayobaki ni ya boti, na ukifika mizigo hubebwa na punda au mkokoteni. Ulizia kwanza hali ya usalama ya barabara ya Garsen–Lamu. Ikitia shaka, ahirisha.

Je, wajua kwamba pwani ya mbali zaidi ina ndugu zetu? Wakati wa njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi walipelekwa kwa majahazi hadi Somalia na kutumikishwa. Baadhi walitoroka, wakajenga vijiji vyao kwenye bonde la mto Juba, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne na nusu. Vita vilipozuka Somalia 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania na kupewa hifadhi Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo. Walikuta wenyeji wanawaelewa. Historia hii inastahili kufundishwa katika kila shule ya wilaya, na kabla hujaenda kuona magofu ya Kenya ni haki kumuuliza mzee wa Chogo habari za bahari.

Je, wajua kwamba maji ya mto Ruvu (Pangani) yanayopita chini ya daraja la Korogwe huingia baharini Pangani? Kama fedha haitoshi kuvuka mpaka mwaka huu, yafuate. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa katika mji huo Desemba 1889. Kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, zamani kilikuwa na miti na kasa wa kutaga. Leo ni fungu la mchanga tu, nalo hufunikwa maji yakijaa. Mwambie nahodha muondoke mapema.

La mwisho: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019. Fungasha kwenye kikapu.