Washambuliaji wa Nebraska: 1983 au 1995?

Ukitaka kuharibu kipindi cha chai katika chumba cha walimu, uliza tu ni kikosi gani cha shule kilichowahi kuwa bora kuliko vyote. Kengele italia watu wangali wamesimama, vikombe mkononi. Nami kila ubishi huo uzukapo, fikira zangu huvuka bahari hadi mji wa Lincoln, katika jimbo la Nebraska, Marekani, nilikosoma katikati ya miaka ya tisini.

Nebraska ni nchi ya mahindi. Mtu wa Kitale angejiona yuko kwao, isipokuwa kwa ile baridi. Hata timu ya chuo kikuu huitwa Cornhuskers, yaani waambuaji wa maganda ya mahindi. Mchezo wenyewe si kandanda tuijuayo sisi, bali ile ya Wamarekani iliyo ndugu ya raga. Tangu 1962 tiketi za mechi za nyumbani huuzwa zote. Tena katika mchezo huo wanaoshambulia na wanaolinda ni watu mbalimbali kabisa. Ndiyo maana watu huweza kukesha wakibishana kuhusu washambuliaji peke yao.

Mzee aliyenipangisha chumba, mkulima mstaafu, alikuwa mtu wa 1983. Mwanawe alikuwa mtu wa 1995. Majirani wakongwe walitaja 1971, mwaka ambao timu ya Bob Devaney iliishinda Oklahoma 35-31. Siwabezi, lakini mechi ile hukumbukwa hasa kwa jinsi Johnny Rodgers alivyoudaka mpira uliopigwa teke na wapinzani akakimbia nao yadi 72. Hilo ni ajabu la mtu mmoja, si kazi ya kikosi cha mashambulizi.

Kikosi cha 1983 kilikuwa jambo jingine. Kocha Tom Osborne alikuwa na Turner Gill wa kuongoza mashambulizi, Mike Rozier wa kukimbia na Irving Fryar wa kudaka. Walianza kwa kuwaadhibu mabingwa watetezi, Penn State, 44-6. Minnesota walifungwa 84-13, tena kwao. Katika mechi 12 za msimu walipata alama 624, wastani wa 52 kamili, na Rozier peke yake alikimbia yadi 2,148.

Siri yao, kama nilivyochorewa na mzee juu ya meza ya jikoni kwa punje za mahindi, ilikuwa ni kumwachia adui uamuzi. Gill hukimbia kuelekea pembeni na mpira, mwenzake akimfuata kwa hatua chache. Mlinzi mmoja huachwa makusudi bila kuzuiwa. Akimrukia Gill, mpira hurushiwa mwenzake. Akimfuata mwenzake, Gill hukata ndani na kwenda zake. Mlinzi huyo hana jibu lililo sahihi. Mwalimu yeyote wa hesabu angelifurahia jambo hilo.

Kisha ikaja fainali ya Orange Bowl, tarehe 2 Januari 1984, dhidi ya Miami katika uwanja wao wenyewe. Rozier aliumia, akatoka. Zikiwa zimesalia sekunde 48, Jeff Smith aliufikisha mpira mwisho wa uwanja, na matokeo yakawa 31-30. Teke moja jepesi lingeleta sare, na kwa kuwa Nebraska hawakuwa wamefungwa mwaka mzima, karibu kila mtu anakubali kwamba sare ingewapa ubingwa. Osborne alikataa. Aliamua kutafuta alama mbili za ushindi. Gill akarusha, mkono wa Kenny Calhoun ukaugusa mpira, na yote yakaishia hapo.

Mtoto wa mzee aliyacheka hayo. Kikosi cha 1995, chini ya Osborne yuyo huyo, hakikukaribiwa na mtu: ushindi mwembamba kuliko wote ulikuwa wa tofauti ya alama 14. Fainali ya Januari 1996 dhidi ya Florida niliitazama sebuleni mwao. Nebraska walikimbia yadi 524 na kushinda 62-24. Tommie Frazier alipokokota walinzi na kuchomoka yadi 75, nami niliruka juu kama mwenyeji.

Lakini usiku huohuo Lawrence Phillips alipata yadi 165 na kufunga mara tatu. Septemba iliyotangulia alikuwa amempiga msichana aliyekuwa mpenzi wake, akasimamishwa, kisha akarudishwa kikosini msimu ukiwa bado unaendelea. Osborne alishikilia kwamba kijana huyo angeangamia bila mpira. Alipofunga mara ya kwanza sote tulishangilia. Mama mwenye nyumba aliinuka bila neno, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Hakurudi.

Kwa Kiswahili neno shambulio ni moja, la uwanjani na la nyumba ya mtu, na tangu siku ile siwezi kuzisoma takwimu za 1995 bila kuisikia sauti ya maji yale ya bomba. Phillips alifariki gerezani California mwaka 2016. Mwana wa mzee alisema yadi ni yadi, na kwamba hukumu ya kikosi haihusiani na mengine. Sikubaliani naye. Kikosi ni watu waliochaguliwa na mtu, na huyo aliyechagua alijua.

Kwa hiyo mimi ni wa 1983, ingawa hawakupata kombe. Nilipomweleza mzee hivyo siku ya kuagana, nikamsifu Osborne kwa kuikataa sare, alikuna kichwa kitambo kirefu. Kisha akanijibu kwamba yeye, kwa kusema kweli, angelipiga lile teke.