Kufunga kahawa wakati wa Kwaresima: kichwa kinapouma, tufanye nini?



Kwaresima iliyopita, mafrateri kadhaa tulikubaliana kuacha kahawa kwa siku zote 40. Jumanne usiku tulikunywa kikombe cha mwisho kwa furaha, kesho yake tukapakwa majivu. Jumatano jioni vichwa vilianza kugonga. Alhamisi darasani tulisinzia. Ijumaa, kwenye Njia ya Msalaba, baadhi yetu tulikuwa tunahesabu vituo vilivyobaki badala ya kusali. Mmoja wetu alimfokea mwenzake bwaloni kwa sababu ya kijiko. Jumamosi watatu walirudi kwenye birika, wakiona aibu.

Baba wa kiroho alipotusikiliza hakutulaumu. Alituuliza swali moja tu: "Kabla ya kuanza, mliujua mwili mnaoufunga?" Hatukuujua. Makala hii ni jibu letu, tuliloliandaa kwa ajili ya wenzetu na kwa waumini wa parokia wanaofikiria kufanya majitoleo kama hayo.

Kahawa si adui yetu

Tuseme hili kwanza, maana tunaishi katika miteremko ya Kilimanjaro. Kahawa ya arabika ililetwa huku na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa kwenye misheni ya Kilema, kisha ikaenea katika vihamba vya Wachagga chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake kila mtu wa Moshi analijua. Wengi wetu tumesomeshwa kwa kahawa. Tunakumbuka kuchuma matunda mekundu, kuyamenya kwa mashine ya mkono, kuosha na kuanika kwenye vichanja.

Kwa hiyo mzee mmoja wa parokia alipotuuliza, "Nyie wanangu mkiacha kahawa, yetu atanunua nani?" tulimwelewa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Mafrateri wachache kuacha kikombe kwa siku 40 hakushushi bei mnadani. Lakini swali lake lilitufundisha kwamba hatufungi kwa sababu kahawa ni mbaya. Tunajinyima kitu chema ili tuone kama bado tuko huru mbele yake. Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kuhusu jambo hilihili: kitu kinaweza kuwa halali, na bado kikamtawala mtu.

Nini kinatokea kichwani

Kahawa ina kafeini. Mchana kutwa ubongo wetu hutengeneza kemikali iitwayo adenosini, ambayo ikijikusanya hutuletea uchovu na usingizi. Adenosini hufanya kazi kwa kuingia katika vipokezi vyake, kama ufunguo katika kufuli. Kafeini inafanana nayo kiasi cha kuingia katika kufuli hilo bila kulifungua. Inaziba tundu tu, na uchovu haupati pa kuingia.

Mwili haukubali kudanganywa kila siku. Mtu anayekunywa kahawa kwa muda mrefu, ubongo wake huongeza vipokezi. Siku anapoacha ghafla, adenosini inakuta milango mingi kuliko kawaida, yote wazi. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa inaibana, hutanuka. Ndipo kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi huja mchana, akili haitulii, na hasira huwa karibu. Wengine husikia kichefuchefu au maumivu ya misuli kama ya mafua.

Hili si deko. Tangu mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kimeliorodhesha rasmi kuwa tatizo la kiafya. Dalili huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huisha kati ya siku 2 na 9. Hata anayetumia miligramu 100 tu kwa siku, yaani karibu kikombe kimoja kikubwa cha kahawa, anaweza kuzipata. Ndiyo maana Ijumaa yetu ilikuwa ngumu, na wale watatu walirudi kwenye birika wakati ubaya ulikuwa unakaribia kwisha.

Namna ya kuacha bila kuumia

Njia iliyo bora ni kupunguza kidogo kidogo, na kuanza kabla ya Jumatano ya Majivu. Anayekunywa vikombe vinne kwa siku apunguze kimoja kila baada ya siku tatu au nne. Baada ya wiki mbili hivi atafika mwisho bila kishindo. Aanze kwa kuondoa kikombe cha jioni. Kafeini hukaa mwilini: kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Kikombe cha saa kumi jioni bado kinafanya kazi saa tatu usiku, mtu analala vibaya, na asubuhi anahitaji kahawa tena.

Tuangalie pia tunabadilisha na nini. Chai ya majani ina kafeini, karibu nusu ya ile ya kahawa. Inafaa kama ngazi ya kushukia, lakini anayeacha kahawa na kunywa chai ya rangi vikombe sita hajaacha kitu. Soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vina kafeini. Mchaichai au tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai haina. Maji ya kutosha, usingizi wa kutosha na kutembea kidogo baada ya chakula husaidia.

Kuhusu dawa: kidonge cha kawaida cha maumivu kwa siku moja mbili si dhambi wala si kuvunja majitoleo. Ila tusome karatasi ya dawa, kwa sababu baadhi ya vidonge vya maumivu vimechanganywa na kafeini.

Na hapa tunaomba wasomaji watusikie vizuri. Kichwa kikiuma pamoja na homa au baridi, usiseme "ni kahawa tu". Nenda ukapime malaria. Kichwa kikiuma ghafla na kwa ukali ambao hujawahi kuupata, au maumivu yakizidi siku tisa, nenda hospitali. Mama mjamzito anashauriwa asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, Kwaresima au si Kwaresima. Mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu amsikilize daktari wake.

Mfungo na jirani

Sheria ya Kanisa haimdai mtu yeyote aache kahawa kwa siku 40. Inadai mfungo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60. Inadai pia tusile wala kunywa chochote, isipokuwa maji na dawa, walau saa moja kabla ya Komunyo. Kahawa imo katika katazo hilo, ingawa wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wamesamehewa. Zaidi ya hapo ni majitoleo ya hiari.

Kwa kuwa ni ya hiari, yapimwe kwa matunda yake. Yule mwenzetu aliyefoka aliomba msamaha Jumapili. Alituambia jambo ambalo hatukulisahau: "Nilimtolea Mungu kahawa, bili nikampelekea ndugu yangu." Bwana alitufundisha tunapofunga tunawe uso, watu wasitambue. Kama kila mtu mezani anajua tumeacha kahawa kwa jinsi tulivyokunja uso, kuna kitu tumekosea, hata kama birika hatujaligusa.

Mwaka huu tumeanza kupunguza mapema. Fedha ambazo tungelipa kijiweni mjini kwa kahawa na kashata tunaziweka katika sadaka ya Kwaresima ya parokia, na yule mzee tumemwahidi kwenda kihambani kwake Jumamosi moja kumsaidia kupogolea mibuni. Wale watatu nao wamo. Tumewaambia kwamba akishindwa mtu, anywe kikombe kimoja, asali, aendelee kesho. Pasaka ikifika tutakunywa kahawa pamoja, na huenda wengine watagundua kwamba kikombe kimoja kinawatosha.