Anayetia Mtaji Ananunua Nini?

Katika barua tulizopokea mwezi huu imo moja ya mama mmoja wa Tanga anayetengeneza achari ya ndimu na maembe nyumbani kwake. Shemeji yake, mwenye uwezo kidogo, amemwambia: "Mimi nitatia milioni mbili, halafu tuwe nusu kwa nusu." Mama huyu anauliza kama akubali. Anaongeza kwamba wanawe walimshauri atazame kile kipindi cha matajiri kwenye televisheni, naye amekitazama, lakini hesabu za watu wale zinakwenda mbio mno, hakuambulia kitu.

Basi leo tukizungumzie kipindi hicho, maana jibu la mama huyu limo ndani yake, ijapokuwa limefunikwa na mbwembwe nyingi.

Kipindi kilizaliwa Japani mwaka 2001, katika kituo cha Nippon Television. Mwaka 2005 BBC ya Uingereza ikawa na chake, Dragons' Den, yaani pango la majoka. Marekani walianza 2009, na huko matajiri wakaitwa papa: Shark Tank. Mwaka 2016 Kenya nao walipata chao, kikidhaminiwa na benki ya KCB, na matajiri wakawa simba. Kila nchi ina mnyama wake, lakini wote ni wala nyama. Mimi sijasikia bado nchi iliyowaita matajiri wake ng'ombe wa maziwa.

Utaratibu ni ule ule. Mtu mwenye biashara changa anasimama mbele ya matajiri walioketi. Anataja mambo mawili: kiasi cha fedha anachotaka, na sehemu ya biashara anayoitoa kwa fedha hizo. Wanamhoji, wanambana, mara nyingine wanamcheka. Fedha zinazotolewa si za kituo cha televisheni, ni za matajiri wenyewe. Kule Uingereza lipo na sharti kwamba asipopata kiasi chote alichoomba, anatoka mikono mitupu.

Hapo ndipo penye hesabu. Mwaka 2007 aliingia katika pango la majoka mtu mmoja mzaliwa wa Jamaika, mkazi wa London, Levi Roots, akiwa na gitaa na chupa za sosi ya pilipili. Alianza kwa kuimba. Kisha akaomba pauni 50,000 kwa asilimia 20 ya biashara. Asilimia 20 ni fungu moja katika matano. Ikiwa fungu moja ni pauni 50,000, basi mafungu yote matano ni pauni 250,000. Kwa hiyo hata kama hakulitamka neno hilo, Bwana Roots alikuwa amesema: biashara yangu, pamoja na fedha zenu zikishaingia, ni mali ya pauni 250,000.

Walipombana, mambo yakaharibika kidogo. Alikuwa amesema ana oda ya lita milioni mbili na nusu. Kumbe ilikuwa kilo 2,500. Mwishowe Peter Jones na Richard Farleigh walimpa zile pauni 50,000, lakini kwa asilimia 40. Piga hesabu upya: mali yote sasa ni pauni 125,000. Thamani ilikatwa nusu pale pale, mtu amesimama na gitaa lake.

Je, aliibiwa? Sidhani. Haukupita muda sosi yake ilikuwa inauzwa katika maduka ya Sainsbury's, na mlango huo alifunguliwa na Bwana Jones. Huo mlango ndio alioulipia kwa zile asilimia 20 za ziada.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Mwaka 2013 Jamie Siminoff alikwenda kwa papa na kengele ya mlangoni yenye kamera. Aliomba dola 700,000 kwa asilimia 10. Papa mmoja tu, Kevin O'Leary, alimpa jibu la maana: chukua hizo 700,000 kama mkopo, unilipe asilimia 10 ya mauzo mpaka deni liishe, baadaye asilimia 7 ya mauzo, na juu yake nipe asilimia 5 ya kampuni. Siminoff alikataa akaenda zake. Mwaka 2018 kampuni yake, iliyokwisha kuitwa Ring, ilinunuliwa na Amazon kwa zaidi ya dola bilioni moja. Asilimia 5 ya bilioni moja ni milioni 50.

Mtazamaji asidanganywe na kupeana mikono mwishoni. Baada ya taa kuzimwa, madaftari hukaguliwa, na mapatano mengi huvunjika kimya kimya. Tena huko Marekani, hadi mwaka 2013, kila aliyeingia alitakiwa awape wenye kipindi asilimia 5 ya kampuni au asilimia 2 ya faida, hata kama papa wote walimkataa. Sharti hilo liliondolewa baada ya mmoja wa papa, Mark Cuban, kutishia kujitoa.

Sasa turudi Tanga. Mama, umeandika kwamba ukitoa gharama zote unabaki na kama laki moja na nusu kwa mwezi. Shemeji akitia milioni mbili kwa nusu, maana yake biashara yote ni milioni nne, na katika hizo mbili ni zake. Vyungu vyako, wateja wako na ujuzi wako vyote vimepewa milioni mbili, ambazo ungezipata mwenyewe kwa miezi kumi na mitatu na siku chache. Nusu ya faida kwa mwaka ni laki tisa. Hata biashara isipokua hata kidogo, baada ya miaka miwili na miezi michache fedha zake zimerudi zote, naye bado ana nusu, mwaka hata mwaka.

Angekukopesha hizo milioni mbili, ukamrudishia milioni mbili na laki nne kwa miaka miwili, ungelipa laki moja kila mwezi, na baada ya hapo achari ni yako peke yako. Lakini maembe yakikosekana msimu mmoja, deni litakudai vile vile, ambapo mbia angekula hasara pamoja nawe. Kwa hiyo usiudharau ubia. Mimi ningemwambia robo. Kwa robo, biashara inahesabiwa milioni nane.

Na kabla ya robo yenyewe ningemuuliza ana nini zaidi ya fedha. Ana gari la kufikisha chupa Dar es Salaam? Anamjua mwenye duka kubwa? Na mkishakuwa nusu kwa nusu, nani ataamua bei siku mtakapopishana? Huyu ni shemeji. Mkikosana dukani mtakutana msibani. Muulize, aandike majibu kwenye karatasi, na mtu wa tatu awepo, kabla hujapokea hata senti. Akikujibu, tuandikie.