Je, Wajua? Volti 24 Kwenye Njia ya Pembe

Je, wajua kuwa mota ya kilowati 200 inaweza kusimamishwa na kisanduku kinachoenea kiganjani? Ndani ya kabati la draivu, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, umeme mkubwa hupita kwenye draivu yenyewe, lakini PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine), rilei na vihisi hula volti 24 za DC kutoka pawa saplai ndogo iliyobanwa kwenye reli ya kabati. Volti hizo zikitoweka, draivu hukosa wa kuiamuru.

Je, wajua kuwa umeme wa kwanza wa Tanganyika ulikuwa wa reli? Mwaka 1908 Wajerumani waliwasha mitambo Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Reli yenyewe ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiifuata kwa karibu njia ya misafara ya pembe za ndovu. Sasa reli ya kisasa inayojengwa kuelekea hukohuko hutumia kilovolti 25 juu ya treni. Dar es Salaam hadi Dodoma abiria walianza kuipanda mwaka 2024.

Je, wajua kuwa Tabora hulipia kimo chake? Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Draivu nyingi hukadiriwa kwa matumizi hadi mita 1,000, na kwa kila mita 100 za ziada watengenezaji wengi hupunguza asilimia 1 ya mkondo, kwa kuwa hewa nyepesi haipozi vizuri. Draivu ileile ikifungwa Bagamoyo haipunguzwi kitu. Pawa saplai nyingi, kwa upande wake, huvumilia hadi mita 2,000. Adui wake ni joto.

Na joto ndilo la kukalia kitako. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, Tabora hupita nyuzi 30 mchana, na kabati lililofungwa juani huongeza nyuzi nyingine 10 au 15 bila taabu. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zenye majimaji, na kanuni ya mafundi inasema kila nyuzi 10 zikipungua, umri wa kapasita huongezeka mara mbili. Geuza kanuni hiyo kichwa chini uone kilichomo katika kabati lisilo na feni. Pawa saplai nyingi huanza pia kupunguza uwezo wake zikivuka nyuzi 50 au 60, kwa hiyo ampea 10 za kwenye lebo huenda zisiwe ampea 10 saa nane mchana. Kwenye misafara ile ya pembe, mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa sababu mbele yake kulikuwa na miezi ya kutembea. Pawa saplai nayo ipewe mzigo wa safari ndefu: hesabu matumizi yako, kisha nunua yenye akiba ya robo au theluthi.

Ufanisi nao ni joto tu kwa jina lingine. Pawa saplai ya wati 240 yenye ufanisi wa asilimia 94 humwaga wati 15 hivi kabatini. Yenye asilimia 85 humwaga 42. Ya pili ndiyo utakayoikuta kwa bei nzuri dukani.

Vumbi? Acha nafasi juu na chini yake kama karatasi ya mtengenezaji inavyotaka, na usinunue yenye kafeni kake kadogo kama kabati liko jirani na mashine ya kuchambua pamba. Wachambua pamba wa Igunga wanajua nyuzi za pamba zinavyoziba matundu.

Je, wajua kuwa pawa saplai nzuri hushikilia pumzi kwa milisekunde 20 tu? Umeme ukitoweka, kapasita zake hulisha mzigo kwa muda huo, yaani mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Hiyo inatosha kwa umeme kupepesa. Jenereta huhitaji sekunde kadhaa kuwaka na kupokea mzigo, kwa hiyo hapo inatakiwa UPS ya DC yenye betri. Betri za risasi nazo huchukia joto, basi zisikae juu ya draivu.

Umeme mdogo ni shida tofauti. Tafuta pawa saplai yenye kukubali kuanzia volti 85 hadi 264. Kuna pia zinazokula moja kwa moja kutoka kwenye DC ya ndani ya draivu: umeme ukikatika, mota inayoendelea kuzunguka hugeuka jenereta na kuilisha PLC hadi mashine isimame kwa utaratibu.

Je, wajua kuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, ni ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela? Mawingu ya radi hayana mpaka, na sisi tuko ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Kinga ya radi ifungwe pale umeme unapoingia kabatini, na waya wake wa ardhi uwe mfupi.

Je, wajua kuwa breka inaweza kushindwa kuanguka? Ya aina C huhitaji mara 5 hadi 10 ya kiwango chake kwenye AC, na zaidi kwenye DC, ili iruke papo hapo. Pawa saplai ya ampea 10 mara nyingi haina mkondo huo. Waya mmoja wa kihisi ukigusana, kabati zima huzimika na breka iko palepale. Breka za kielektroniki, moja kwa kila tawi, huondoa balaa hilo.

Waya mrefu nao hula. Ampea 2 kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 50 kwenda na 50 kurudi, hupoteza karibu volti 2.3, na PLC nyingi hutaka volti zisipungue 20.4.

Ukifunga pawa saplai mbili ili moja ikifa nyingine ibebe, kila moja iweze mzigo wote peke yake, na kati yao iwepo moduli ya diodi, la sivyo mgonjwa humvuta mzima. Nyingi zina kontakti ndogo ya rilei ya kutoa taarifa, iliyoandikwa DC OK. Mafundi wengi huiacha bila waya, na pawa saplai ya kwanza hufa bila yeyote kujua hadi ya pili iifuate.